Wifi Hatoki

Asubuhi Atupele alipoingia Makwale, Asifiwe alikuwa uani anageuza kakao juani, na hakuacha kazi yake. Alimwona wifi yake akija na kikapu kichwani, akaitika salamu huku macho yake yako kwenye mkeka. Hawakuwa na ugomvi. Lakini hawakuwa mashoga pia. Tangu Lutengano, kaka yake Asifiwe na mume wa Atupele, afe kwa homa, aliyekuwa akimtembelea mwenzake ni mmoja tu, na huyo ni Atupele. Alikuja kila Krismasi na kila Pasaka, na kila mara alileta mkate.

Leo haikuwa Krismasi wala Pasaka.

"Wifi," Atupele alisema akitua kikapu, "nimekuja kukuomba ukakae nyumbani kwangu."

"Kwani unasafiri?"

"Huenda nikasafirishwa."

Hapo Asifiwe aliacha kakao, akaenda kuleta vigoda viwili.

Atupele alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga. Kwa wazee wao mto ule ulikuwa mto tu, watu waliuvuka kwenda msibani na kurudi na posho mkononi, na lugha ya huku na ya kule ni mtu na pacha wake. Lakini serikali ni mbili. Kibali cha Atupele cha kukaa Tanzania kilitolewa kwa sababu ya ndoa, na mume alipokwenda, kibali nacho kikaisha. Alikuwa ameomba kingine. Ombi lilikuwa limekwenda Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam hakijarudi hata kikohozi. Sasa kulikuwa na operesheni ya wahamiaji, na tayari watu kadhaa wa Kasumulu, pale mpakani, walikuwa wamevushwa daraja la Songwe.

"Si uvuke mwenyewe ukasubiri kwa mama yako?" Asifiwe aliuliza. "Kuliko kushikwa mbele za watu."

"Nikivuka mwenyewe nitakuwa nimeihama nyumba. Mwenye nyumba anasubiri hilo kama fisi anavyosubiri mkono wa mtu udondoke."

Nyumba yenyewe ilikuwa Kyela mjini, ya vyumba viwili na ua. Atupele aliipanga kwa mzee Abrahamu alipokataa kurithiwa na shemeji yake na kuamua kujitegemea. Zilikuwa siku za ruksa: maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalianza kujaa unga wa ngano, hamira na mafuta, na mtu mwenye akili aliweza kufanya biashara bila kuogopa kuitwa mhujumu. Atupele alijenga tanuri la matofali uani kwa mikono yake. Mwaka ule wa pili, mji mzima ulikuwa unanywa chai kwa mikate na skonzi zake. Na mzee Abrahamu, aliyemkodishia ua uliokuwa umejaa magugu, akaanza kuliangalia lile tanuri kwa jicho jingine. Mwanawe alikuwa amerudi kutoka Mbeya bila kazi.

"Mkataba wangu unaisha Desemba ya mwakani," Atupele alisema. "Nikichukuliwa, na nichukuliwe. Lakini nyumba isilale tupu hata siku moja. Akikuta mlango umefungwa na ndani hamna mtu, atasema mpangaji katoroka, ataingia na kufuli lake. Akikukuta wewe na mwanangu Tumaini mnakula ugali, atasema nini?"

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe hakuna wa kukusafirisha. Umezaliwa hapa na baba yako kazikwa pale." Atupele alielekeza kidole migombani. "Halafu una kichwa kigumu. Lutengano alikuwa akisema, Asifiwe akikalia kigoda, hata siafu hawamwamshi."

Asifiwe hakutaka kucheka. Akacheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, aliyeachika zamani na kurudi kwao kulima mpunga, na haikuwa imetokea hata mara moja kwamba mtu amsifu kwa ule ukaidi uliomvunjia ndoa.

Wiki ile ile alihamia Kyela, na Atupele hakumpa hata nafasi ya kufungua furushi. Kwanza walikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, Bibi Angetile, mjane mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akamtambua Asifiwe kuwa mkazi wa nyumba ile pamoja na Tumaini, binti wa Lutengano aliyekuwa darasa la tano. Kisha walikwenda mahakama ya mwanzo kwa karani Eliud, ambaye aliandika kwamba Atupele, akiwa na akili zake timamu, anamwachia wifi yake mamlaka ya kuishi katika nyumba ile, kuitunza na kusema kwa niaba yake mpaka mkataba utakapokwisha. Walitia dole gumba na saini. Ndipo wote watatu, na balozi mbele, wakaenda kwa mzee Abrahamu.

Walimkuta barazani. Alikuwa mtu wa kanisani, mtaratibu, mwenye shati lililonyooshwa vizuri hata siku za kazi.

"Mama Tumaini," alisema baada ya kuwasikiliza, "mimi sina ubaya na wewe. Lakini serikali ikikuondoa, na mkataba unaondoka nawe. Mkataba ni wa mtu. Mtu hayupo, mkataba haupo."

"Baba, mkataba haukusema Atupele peke yake. Umesema Atupele na jamaa zake. Wewe mwenyewe ndiye uliyetaka uandikwe hivyo, nisije nikakuingizia wapangaji wengine. Jamaa yangu ndiye huyu."

"Huyu ni jamaa wa marehemu."

"Na marehemu alikuwa nani wangu?"

Bibi Angetile aliguna kwa nguvu. Mzee Abrahamu akapangusa goti ambalo halikuwa na vumbi.

"Tena," Atupele aliendelea, "imeandikwa kwamba tanuri ni mali ya mpangaji. Na pango hili hapa, la miezi yote iliyobaki. Pokea mbele ya balozi, utuandikie risiti."

Mzee alitaka kuzikataa zile pesa, lakini ni nani awezaye kukataa pango mbele ya balozi? Alizipokea kama anayepokea kaa la moto.

Njiani Asifiwe alimsemesha wifi yake kwa hasira. "Umelipa zote! Ukivushwa leo, utakula nini huko?"

"Huko ni kwetu, nitakula kwa mama. Pesa nilizolipa ndizo zitakazomkaba."

Kuanzia siku hiyo alimfundisha Asifiwe kazi ya mikate. Kukanda, Asifiwe alikuwa na mikono ya jembe, hakuna donge lililomshinda. Moto ndio uliomsumbua. Alikuwa na pupa, anafungua tanuri kila mara kuchungulia, na mikate ikitoka inakuwa imevimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. "Wacha kuuchungulia," Atupele alikuwa akimwambia. "Hautoroki." Watu waliikodolea macho ile mikate, wakainunua hivyo hivyo.

Maafisa walikuja asubuhi ya Jumanne, wawili na askari mmoja, mikate ikiwa ndani ya tanuri. Yule mkubwa wao, kijana mpole kutoka mkoa wa mbali, alimuuliza mwenye tanuri kama yeye ndiye Atupele.

"Ndimi. Sina kibali, nimeomba, bado sijajibiwa. Naomba nitoe mikate kwanza, baba. Ikiungua nitakuwa nimewakosea watu walioniagiza."

Kijana aliangalia wenzake, akakubali. Tumaini alimletea skonzi ya moto kwenye sahani. Akaikataa kwa adabu, akasema yuko kazini. Atupele akatoa mikate, trei moja baada ya nyingine, bila haraka, akaipanga mezani na kuifunika kitambaa. Kisha akafungua kanga ya kiunoni iliyojaa unga, akamfunga nayo Asifiwe, na akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliokuwa wanachungulia juu ya ua wa mabua waliisikia:

"Nyumba hii sijaihama! Namwacha wifi yangu na mwanangu. Mpangaji bado ni mimi."

"Hayo ya nyumba hayatuhusu, mama," afisa alisema. "Sisi tumekuja kwa ajili yako tu."

Asifiwe aliyadaka maneno hayo kabla hayajagusa ardhi. "Balozi! Bibi Angetile! Umesikia anavyosema bwana afisa? Ya nyumba hayawahusu!"

"Nimesikia!" ilijibu ile kengele kutoka ng'ambo ya ua. "Na wote tumesikia!"

Atupele alipanda gari mwenyewe, bila kushikwa mkono. Alikaa mahabusu siku chache, kisha akavushwa daraja la Songwe. Tumaini alilia mpaka akapata kwikwi. Asifiwe hakulia, ila mikate ya kesho yake iliungua yote, akaila yeye na Tumaini kwa ukaidi, upande mweusi na mweupe.

Mzee Abrahamu alianza kwa wema. Alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema anamwonea huruma mama wa shamba kuteseka mjini kwa mambo yasiyo yake. Akirudi Makwale atarudishiwa sehemu ya pango, na gunia la mchele juu.

"Ndaga, baba," Asifiwe alimshukuru kwa ndizi. "Lakini pango ulilipokea kwa mwingine. Ukitaka kulirudisha, daraja lile pale, mvukie ukampe mwenyewe."

Safari ya pili hakuja na ndizi. Alisema ataleta askari.

"Waite. Waambie kuna mwanamke wa Makwale anakaa Kyela. Uone watakavyokucheka."

Usiku alipokuwa peke yake na Tumaini ameshalala, ushujaa ule ulimpungua. Hakuwahi kuishi mahali ambapo mtu anaweza kukuambia toka. Alilisikia kila gari lililopita, na mara kadhaa alilifunga furushi lake katika mawazo, akaliona likiwa begani, akauona mkeka wake wa kakao na mama yake mlangoni. Lakini halafu alikuwa anafikiria vile Atupele alivyoipanga ile mikate mezani na watu wazima watatu wanamsubiri. Anageuka upande wa pili, analala.

Masika yalipoanza, mvua ya Kyela ile isiyobisha hodi, mzee Abrahamu alileta mafundi. Walikuwa wawili, na mkubwa wao aliitwa Yakobo. Walikuja na ngazi, nyundo na mtaimbo, wakaiegemeza ngazi ukutani bila hata kusalimu. Asifiwe alikuwa kwenye tanuri, mikono imejaa unga.

"Mnafanya nini?"

"Ukarabati," alisema mzee Abrahamu aliyekuwa amesimama barabarani na mwavuli. "Bati limeoza. Nitaezua lote. Mtu asiyetaka kulowa ahame."

Bati halikuwa limeoza hata tundu la msumari. Asifiwe alikimbilia chumbani, akasikia mtaimbo unalia juu ya kichwa chake, misumari ikipiga kelele, kisha mstari wa mwanga ukaanguka juu ya kitanda cha Tumaini. Bati moja likaondoka. La pili. Akaliona wingu kupitia hapo, jeusi, limetokea milima ya Livingstone na linakuja.

Akaenda nje. Hakupiga kelele, na majirani walioona walisema baadaye kwamba hilo ndilo lililowatisha. Alikwenda mpaka penye ngazi, akaikumbatia, akaing'oa ukutani, akaibeba begani kama mchi, akaipitisha mlango wa uani na kuilaza nyuma ya tanuri. Kisha akaikalia.

Juu ya paa mtaimbo ukaacha kulia.

"Mama," Yakobo aliita, "ngazi iko wapi?"

"Nimeikalia."

"Tutashukaje?"

"Mtashuka bati likirudi."

"Mama, mimi ni fundi tu! Nimeitwa!"

"Kama ni fundi, gongomea!"

Mzee Abrahamu aliingia uani akifoka, mwavuli umempinda. Alimwita mwizi wa ngazi, alimwita mchawi, alimwita mwanamke aliyemshinda mumewe. Watu wakaanza kujaa: wenye baiskeli, wauza samaki, akina mama wa kanisani kwake mwenyewe. Asifiwe alikaa palepale, na kanga ya Atupele kiunoni.

"Nishike uniondoe, baba," alisema. "Watu hao wanatazama. Nimekalia ngazi katika nyumba iliyolipiwa. Wewe umepandisha watu na mtaimbo juu ya kitanda cha mtoto. Tuite nani aamue?"

Bibi Angetile alifika akitweta. Alitazama paa, akatazama ngazi, akatazama shati la mzee Abrahamu lililokuwa limeanza kupata matone. "Abrahamu," alisema, bila mzee wala bwana, "pango la mwezi huu ulipokea au hukupokea? Mimi nilikuwepo."

Mzee aliuhangaikia mwavuli wake. Matone yakawa mazito. Kule juu fundi mdogo alianza kusali kwa sauti. Yakobo alitazama ardhi, akaiona mbali, akatazama wingu, akaliona karibu. Akainama, akachukua bati la kwanza, akalirudisha juu ya mbao za kenchi. Nyundo ilipogonga msumari wa kwanza watu walishangilia kama mpira umeingia golini.

Waligongomea yote mawili, mvua ikiwapiga mgongoni. Katikati ya kazi Yakobo alilalamika kuwa hajala tangu asubuhi, Asifiwe akawarushia skonzi, moja moja, nao wakazidaka. Walipomaliza alisimama, akarudisha ngazi, na akaishika wakati wanashuka ili isiteleze.

"Mugonile, mama," Yakobo alimwambia alipogusa ardhi, salamu aliyokuwa amesahau alipokuja.

Mzee Abrahamu alimshtaki. Alisema Asifiwe amewafungia mafundi wake juu ya paa. Mahakama ya mwanzo ilijaa siku hiyo, wengine madirishani. Hakimu alimuuliza Yakobo kama alidhurika.

"Njaa tu, mheshimiwa. Na hiyo nayo alituondolea."

Hakimu alisubiri kicheko kiishe. Alimwonya Asifiwe kwamba kumnyima mtu ngazi akiwa juu ni jambo la hatari, na mguu ungevunjika angekuwa anazungumza naye kwa namna nyingine. Asifiwe alikubali kosa hilo, maana lilikuwa kosa. Kisha hakimu akamgeukia mzee Abrahamu, akamwambia kwamba mpangaji hatolewi kwa mtaimbo. Hutolewa kwa amri ya mahakama, na amri huwa na sababu. Sababu ya hapa ni ipi? Mkataba haujaisha, pango limelipwa, wakazi wanajulikana kwa balozi. Aliyevushwa daraja amevushwa kwa mambo ya kibali, si kwa mambo ya nyumba. Kesi akaifuta.

Jumamosi iliyofuata Asifiwe alikwenda Kasumulu na kuvuka daraja, amebeba mkate. Ulikuwa umevimba pande zote sawasawa. Atupele alimsubiri upande wa pili, amekonda, lakini amesuka nywele vizuri. Aliposikia habari ya ngazi alicheka mpaka akakaa chini barabarani, watu wa mizigo wakimzunguka.

"Ulikalia!"

"Nilikalia."

"Siafu hawakukuamsha?"

"Waje na wao," Asifiwe alisema, na wote wawili wakafuta machozi kwa pindo za kanga, kila mmoja akijifanya haoni ya mwenzake.

Kibali kilitoka mavuno ya mpunga yalipokuwa yanaanza. Atupele alirudi kwa daraja lile lile, mchana, akapita mbele ya afisa yule yule mpole, akamwonyesha, na afisa akamwambia karibu tena, mama. Alipoingia uani alimkuta Asifiwe anakanda. Hakumwambia apumzike. Alikunja mikono ya gauni, akaanza kukanda upande wa pili wa meza.

Desemba mzee Abrahamu alikuja, na safari hii alibisha hodi. Mwanawe alikuwa amekwisha kurudi Mbeya, na wapangaji wazuri hawaokotwi. Alisema yaliyopita yamepita. Walikuwa wapangaji safi, hawajamsumbua katika pango. Yuko tayari kuandika mkataba mwingine, hata wa miaka mitatu.

Mawifi walitazamana.

"Baba," Atupele alisema, "mkataba wako tumeutimiza mpaka siku ya mwisho. Mwingine hatuutaki."

"Mtakwenda wapi?"

"Njia ya Bujonde," Asifiwe alijibu. "Tumepata kiwanja. Kimeandikwa jina langu. Atakayekuja kuezua huko aje na ngazi mbili."

Walilibomoa tanuri wenyewe, tofali moja moja, wakaliosha masizi na kulipakia kwenye mkokoteni. Mzee Abrahamu alisimama akitazama ua wake ukirudia uwazi wake. Alilalamika kwamba wanamwachia shimo. Walilifukia, wakalisawazisha kwa miguu.

Njiani mwanamke mmoja wa sokoni aliwaona na mkokoteni, akashika kinywa. "Jamani! Mmefukuzwa?"

Asifiwe alisimamisha mkokoteni katikati ya barabara ili amjibu vizuri.

"Nani wa kutufukuza? Tunahama."

Kesho yake walianza kukanda udongo wa tanuri jipya. Atupele alitaka mdomo wake uelekee barabarani, wateja waone moto. Asifiwe alitaka uelekee nyumba, upepo wa ziwa usiuzime. Walibishana mpaka jua likawa utosini, na Tumaini akachoka kusubiri, akaenda kuchota maji peke yake.